Saladi ya Maharage na Samaki wa Kopo: Maswali na Majibu

Saladi inaweza kweli kuwa mlo kamili?

Inaweza, mradi iwe na kitu ndani. Majani na nyanya peke yake hayakai tumboni. Lakini changanya gramu 150 za maharage yaliyoiva na gramu 90 hivi za sadini waliochujwa, na hapo umepata zaidi ya gramu 30 za protini. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 kwa siku nzima. Maharage hayo yana pia nyuzinyuzi zipatazo gramu 10, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha njaa na kufanya sukari ipande taratibu kwenye damu, jambo kubwa kwa mwenye kisukari.

Nitumie maharage ya kopo au nichemshe makavu?

Yote yanafaa. Ya kopo yameshapikwa, kazi yako ni kuyasuuza tu. Makavu yanataka uangalifu, na hapa naomba usome polepole. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili ambayo hata punje chache zisizoiva zinatosha kukuletea kichefuchefu, kutapika na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa 1 hadi 3. Kuloweka peke yake hakuiondoi.

Yaloweke angalau saa 5, au usiku kucha ukiweza. Mwaga maji hayo, weka mengine, kisha yachemke kwa nguvu, maji yakitokota kweli kweli, kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Endelea kupika hadi yaive. Chukua punje moja uibonyeze kwa vidole: ikipondeka hadi katikati bila kiini kigumu, yameiva. Wanaotumia chungu cha umeme kinachopika kwa moto mdogo wasiyatie humo mabichi. Joto lake linaweza lisitoshe kuivunja sumu, na maharage yaliyopashwa moto nusunusu yanaweza kudhuru kuliko hata yale mabichi.

Samaki yupi ni bora?

Mimi nitakwambia sadini, bila kusita. Wana mafuta ya omega-3 yanayosaidia moyo, wana vitamini D, na mifupa yao imelainika kiasi cha kuliwa yote. Usiitoe, kwa sababu kalsiamu iko humo. Jodari ana protini nyingi, lakini wa kopo kwa kawaida ana omega-3 kidogo kuliko sadini. Tena jodari ni samaki mkubwa anayekula wenzake, hivyo hukusanya zebaki, metali yenye sumu, zaidi mwilini.

Na chumvi je?

Hapa ndipo saladi nzuri huharibika. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ya vyakula vyote. Maharage ya kopo yana chumvi, samaki ana chumvi, kisha mtu ananyunyiza nyingine juu. Suuza maharage kwa maji safi hadi povu liishe, chuja samaki, na usiongeze chumvi kabla ya kuonja. Limau, pilipili manga na kitunguu vitafanya kazi hiyo vizuri. Kama lebo inataja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate kiasi cha chumvi.

Naichanganyaje?

Anza na maharage yakiwa bado vuguvugu. Yamwagie maji ya limau na kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya zeituni, uyaache dakika 10 yanywe ladha. Kata kitunguu chembamba ukiloweke kwenye maji baridi ili ukali upungue. Ongeza pilipili hoho, nyanya, tango na majani yoyote mabichi uliyoyaosha vizuri. Samaki aje mwisho, avunjwe vipande vikubwa, maana ukimkoroga mapema anageuka uji.

Limau na hoho havipo kwa ladha tu. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye maharage, na samaki naye husaidia. Chai au kahawa ikinywewa pamoja na mlo huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo isubiri kidogo.

Maharage yananijaza gesi. Niache?

Hapana. Anza na vijiko vichache, ongeza kadiri tumbo linavyozoea. Kumwaga maji ya kulowekea pia hupunguza gesi.

Nani awe mwangalifu?

Mwenye jongo apunguze sadini, kwa kuwa wana purini nyingi, ambazo mwilini hugeuka asidi ya yuriki, ile inayoleta maumivu ya jongo. Mgonjwa wa figo aongee kwanza na mtaalamu wake wa lishe, kwani maharage na samaki vina potasiamu na fosforasi nyingi. Mjamzito anaweza kula samaki, na ni vizuri ale, ila achague wenye zebaki kidogo kama sadini. Mwenye mzio wa samaki aweke yai lililochemshwa likaiva.

Kopo limevimba kidogo. Naweza kulitumia?

Usilitumie, na usionje hata kidogo. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye maungio yake linaweza kuwa na sumu ya botulinamu, ambayo hupoozesha misuli, hata ile ya kupumulia. Haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Saladi iliyobaki iingie kwenye friji ndani ya saa 2, katika chombo chenye mfuniko, na iliwe ndani ya siku 3. Samaki asiyetumika naye ahamishwe kutoka kwenye kopo.