Mikwaruzo ya gari jeusi huzaliwa kwenye ndoo

Kwenye Toyota iliyoshuka bandarini kutoka Japani, tafuta kile kibati chenye namba ya chesisi, ama ndani ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango. Mbele ya herufi C/TR kuna namba ya rangi. Ukikuta 202, una nyeusi tupu isiyo na chembe za kumeta, na ni moja ya rangi zinazojulikana sana kwa ulaini wake, yaani hukwaruzika upesi. 209 na 218 ni nyeusi zenye chembe za maika ndani, na jua likipiga chembe hizo husaidia kuficha mikwaruzo kidogo. 202 haifichi kitu. Maelezo haya ya kuosha na kung’arisha bila kukwaruza yanafaa kwa gari jeusi lolote, lakini mwenye 202 ayasome mara mbili.

Si kwamba nyeusi inakwaruzika kirahisi kwa sababu ya weusi wake. Inameza mwanga, kwa hiyo kila kovu dogo linalorudisha mwanga huonekana kama uzi mweupe. Usiku washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti, utaona nyuzi zimezunguka taa kama utando wa buibui. Mikwaruzo yenyewe imekwenda kila upande. Macho yanaona ile tu iliyoelekea kurudisha mwanga, ndiyo maana inaonekana kama duara. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo haikutoka barabarani. Ni mchanga uliosuguliwa na sponji, na tambara, na kile kifagio cha manyoya cha kupangusia vumbi asubuhi.

Kabla ya kushika chochote, elewa una akiba kiasi gani. Rangi nzima ya kiwandani, kuanzia praima ya chini kabisa hadi klia, lile tabaka angavu la juu, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 hadi 50. Unywele wa kichwani una maikroni 70 hivi. Polishi nyepesi hula maikroni 1 hadi 3 kila unapoipiga, na kilicholiwa hakirudi. Zaidi ya hapo, klia ndiyo yenye kemikali za kukinga mionzi ya jua. Ikikonda mno hupauka, kisha hubanduka kama ngozi iliyoungua, na huanzia kwenye paa na boneti. Likifika hapo, gari ni la kupakwa upya. Kwa hiyo nguvu yako kubwa iende kwenye kuosha. Kupiga polishi liwe jambo la mara moja kwa muda mrefu.

Osha alfajiri au jioni, bodi ikiwa ya baridi. Bati jeusi lililoachwa kwenye jua la mchana la Dar es Salaam au Mombasa linaunguza kiganja. Sabuni hukaukia juu yake kabla hujafika mlango wa pili. Anza na rimu, kwa ndoo na brashi zake peke yake. Vumbi la breki ni chembe za chuma, na kitambaa kilichogusa rimu kisiguse bodi tena.

Bodini, maji yatangulie, mkono ufuate baadaye. Lengo ni kuondoa mchanga bila kugusa. Mwenye mashine ya presha asimame sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi. Asiye nayo anunue lile bomba la lita 5 la kupulizia dawa shambani, jipya lisilowahi kutiwa dawa, aweke maji na shampuu ya gari, apulizie gari zima kuanzia chini kwenda juu, asubiri dakika tano, kisha asuuze kuanzia juu. Povu lisikauke. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa na thamani kuliko polishi yoyote inayouzwa.

Kisha ndoo mbili za lita 20. Moja ina maji ya shampuu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuzidisha hakusafishi zaidi, kunaacha utando. Nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Chini ya hii ya pili geuza kikapu kidogo cha plastiki chenye matundu, ili mchanga ukishazama usipande tena. Tumia glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu, kwa sababu nyuzi humeza chembe na kuziweka mbali na rangi. Sponji ina uso bapa, inaiburuza chembe ileile kutoka taa hadi kioo. Chovya kwenye shampuu, pitisha kwa mstari ulionyooka bila kukandamiza, nusu ya boneti kwa wakati, suuza glavu kwenye ndoo ya pili, kamua, rudi kwenye shampuu. Paa kwanza, kisha vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Sehemu za chini na bampa ya nyuma ni za mwisho, maana huko ndiko kuna mchanga mwingi. Kwa nini mstari ulionyooka? Ukikwaruza kwa bahati mbaya, mkwaruzo wa mstari mmoja huonekana kwa pembe chache tu, na wa mzunguko huonekana popote unaposimama.

Sabuni ya unga usiitie kwenye ndoo hii. Ni kali, na chembe ambazo hazijayeyuka ni kama mchanga mwingine uliouongeza mwenyewe. Sabuni ya maji ya vyombo haitaua rangi kwa siku moja, lakini itaondoa waksi. Iache kwa siku ile unayotaka kuvua waksi ya zamani kabla ya kupiga polishi.

Tatizo kubwa la pwani ni maji yenyewe. Visima vingi vinatoa maji yenye chumvi na chokaa, na yakikauka kwenye rangi nyeusi huacha vidoa vyeupe vya mviringo. Vikiachwa juani huchimba klia. Dawa ni kusuuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na madini, na hayo wengi tunayamwaga kila siku: maji yanayotoka kwenye bomba la AC ya nyumba. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, kwa hiyo karibu hayana chokaa. Yakinge, yachuje kwa kitambaa safi, lita 5 hadi 10 zinatosha kumiminia gari dogo taratibu kuanzia paani. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa la nyumba kuoshwa vizuri yanafaa vilevile.

Ukaushaji ndipo kazi nzuri huharibikia. Taulo kubwa la maikrofaiba, nene, litandaze juu ya bati kisha livute kwa ncha mbili lielekee kwako. Usisugue. Kwenye vioo vya pembeni, vitasa na nembo maji hujificha na kushuka baadaye; rudi hapo baada ya dakika tano. Vidoa vya chokaa ambavyo havijachimba huondoka kwa siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu: lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja, suuza kwa maji mengi. Doa likibaki baada ya mara mbili, limeshaingia kwenye klia, na siki zaidi haitalitoa.

Sasa vaa mfuko mwepesi wa mkate mkononi, pitisha vidole kwenye boneti iliyooshwa. Ukihisi vipele vidogo kama msasa laini, ni chembe za chuma, masalia ya lami na utomvu. Dawa ya kuondoa chuma hugeuka zambarau ikikutana nazo. Ina harufu mbaya, vaa glavu, isikauke. Kinachobaki ni kazi ya klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi. Kata kipande cha gramu 50, kitandaze kama chapati ndogo, nyunyizia maji ya shampuu kwa wingi, kipitishe bila kukikandamiza mpaka kiache kukwama. Kikunje kila baada ya eneo la sentimita 50 kwa 50 upate uso mpya. Kikianguka chini, kitupe hata kama ni kipya. Hakuna namna ya kuutoa mchanga uliokwisha kuzama ndani yake. Klei huacha alama hafifu kwenye nyeusi laini, kwa hiyo ifanye pale tu unapopanga kupiga polishi baada yake.

Kabla ya mashine, vipimo vitatu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukikwama, ni wa kina, polishi itaulainisha kingo tu. Paka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha: kitambaa kikiwa cheusi, gari lako halina klia juu, jambo linalotokea kwenye baadhi ya 202. Utapolishi rangi yenyewe, na padi zitajaa weusi haraka. Cha tatu ni kipima unene, ukiweza kukiazima. Chini ya maikroni 80, usipige polishi. Ikizidi sana 200, paneli hiyo ilipakwa tena, na ubora wa klia ya mpakaji huujui. Kwenye bampa za plastiki vipima vya kawaida havisomi.

Mashine ya mtu wa nyumbani ni ile inayozunguka huku ikitikisika pembeni, yenye mwendo wa milimita 8 au 15, inayoitwa DA. Grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa padi ya sufu ni balaa: mzunguko wake unazidi mara kumi elfu kwa dakika, inachemsha klia sehemu moja na kuichora yale mawimbi ya upinde yanayoonekana juani kwenye magari meusi mengi yaliyotoka tu “kung’arishwa”. Ukubali kung’arishiwa gari pale tu mtu anapokuonyesha kazi yake juani, si kivulini.

Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwenye mipira ya vioo na kwenye kona kali za bodi, ambako rangi ni nyembamba kuliko kwingine. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 upande wa nyuma, ufanye jaribio. Anza na padi laini kabisa na polishi laini kabisa, matone manne au matano. Itandaze kwa spidi ya 1, kisha panda 4 au 5 kati ya 6. Mkono uende polepole, sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, mistari ikipishana nusu. Ukimaliza kwa ulalo, rudia kwa wima. Mara nne hadi sita zinatosha. Chora mstari wa kalamu mgongoni mwa padi: ukiona hauzunguki, unakandamiza kupita kiasi. Futa, na usafishe padi kwa brashi kila baada ya eneo moja. Padi iliyojaa hukwaruza upya, na kwenye nyeusi laini hilo huonekana kama ukungu wa kijivu. Gari zima linataka padi tano au sita.

Usiamini mng’ao wa mwanzo. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na baada ya kuosha mara mbili yote hurudi. Chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa maji sehemu nne, nyunyizia, futa, kisha mulika tochi. Hayo ndiyo matokeo ya kweli. Ikiwa theluthi mbili ya mikwaruzo imeondoka, mimi naishia hapo. Kukimbiza ule uliobaki kunakula klia ambayo miaka mitano ijayo utaihitaji zaidi kuliko unavyohitaji paneli kama kioo leo. Dawa ya meno, inayopendwa mitandaoni, ni chembe za kusugulia zisizopimwa kwa kazi hii. Inaacha ukungu kwenye nyeusi.

Kwenye kulinda, nina msimamo unaopingana na wauzaji. Waksi ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya mchikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, huipa nyeusi kina kizuri kuliko chochote, lakini kwa joto letu tegemea wiki nne hadi nane. Seramiki, ile dawa ya maji inayokauka kuwa tabaka gumu juu ya rangi, hukaa miaka, ila haizuii mikwaruzo ya kuosha vibaya, na kwenye unyevu wa pwani hukaza haraka: usipoifuta kwa wakati huacha mabaka yanayotoka kwa polishi tu. Tena hufanya maji yasimame kwa matone, na tone la maji ya kisima likikauka juani ni doa. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa kwa maji ya kisima, napendelea silanti ya polima, yaani kinga ya kiwandani inayopakwa kama waksi, kila miezi mitatu au minne. Tabaka jembamba mno, nusu paneli kwa wakati, subiri kulingana na chupa, futa kwa kitambaa safi, lisiguswe na maji kwa saa 12.

Baada ya hapo adui ni kunguru na mwembe. Kinyesi cha ndege kikikauka juani, klia iliyolainika kwa joto hujikunja kukizunguka inapopoa usiku, na alama hubaki. Usikikwangue. Weka karatasi laini iliyolowa maji juu yake dakika tano hadi kumi, kiinue chote pamoja nayo, kisha suuza. Utomvu wa embe nao usisubiri hadi Jumamosi. Turubai la gari lifunike gari safi tu. Likiwekwa juu ya vumbi na upepo wa kusi ukilipepeta usiku kucha, asubuhi utakuta boneti imepigwa msasa.

Taulo za maikrofaiba zifuliwe peke yake, mbali na pamba, kwa sabuni ya maji kidogo na maji ya vuguvugu, bila dawa ya kulainishia nguo kwani inaziba nyuzi. Kata lebo zake siku unayozinunua. Taulo la rimu na la bodi yatofautiane rangi, hata anayekusaidia kuosha asikosee.