Mafuta kwenye damu na kifafa cha mimba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kipimo cha mafuta kikiwa juu, kifafa cha mimba kinakuja."

Hapana. Mimba yenyewe hupandisha mafuta. Kuelekea kujifungua, triglaiseridi (aina mojawapo ya mafuta kwenye damu) hufika mara mbili hadi tatu ya kiwango cha kabla ya mimba, na lehemu (kolesteroli) nayo hupanda, kwa sababu kondo la nyuma huihitaji kutengeneza homoni. Ukiyasoma majibu ya mjamzito kwa viwango vya asiye na mimba, wengi wataonekana wagonjwa.

Ni kweli tafiti nyingi zimekuta triglaiseridi zikiwa juu zaidi kwa wanaopata priklampsia, yaani presha ya mimba inayotangulia kifafa. Tatizo ni kwamba viwango vya makundi haya mawili huingiliana mno. Wapo wenye mafuta mengi wanaojifungua salama, na wapo wenye majibu mazuri wanaougua. Mwaka 2017 utafiti wa ASPRE uliwachuja akina mama walio hatarini kwa historia yao, presha, mtiririko wa damu kwenye mishipa ya mji wa mimba na protini za kondo. Lehemu haikuwamo. Waliopewa aspirini miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, walipunguza kwa asilimia 62 priklampsia ya kabla ya wiki 37. Kwa hiyo, mama mwenye presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo, mapacha, au aliyewahi kupata kifafa cha mimba, aulizie aspirini mapema kliniki. Asijianzishie mwenyewe.

"Basi niache sangara."

Hili husikika hata Mwaloni Kirumba, soko la Mwanza lenye samaki tele! Sangara hana kosa. Tatizo huanzia kwenye kondo: mishipa inayolilisha ikishindwa kutanuka vizuri mwanzoni mwa mimba, kondo hukosa damu ya kutosha na kumwaga kemikali zinazoumiza mishipa ya mama. Dagaa ndio wasiachwe kabisa: wakiliwa wazima na mifupa yao huleta kalsiamu, na chakula chenye kalsiamu kidogo huongeza hatari.

"Nitajisikia tu presha ikipanda."

Wengi hawasikii kitu. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, pamoja na protini kwenye mkojo, hugunduliwa kwa mashine na kijiti cha mkojo, vitu vya bei ndogo kuliko kipimo cha mafuta. Miguu kuvimba peke yake haithibitishi chochote.

"Nikishajifungua, yamekwisha."

Kifafa kinaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Kichwa kikiuma vikali, macho yakiona giza, au maumivu yakikaa chini ya mbavu za kulia, nenda kituoni saa hiyo hiyo. Aliye visiwani Ukerewe au Kome, katika Ziwa Victoria, asingoje kivuko cha asubuhi akiwa nyumbani: hata zahanati inaweza kumchoma dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho, kabla ya safari ya kwenda hospitali kubwa.