Tinian: Mashimo ya Bomu la Atomiki Hayana Mionzi

Ninafundisha kinga ya mionzi. Kila nikifika kwenye somo la Hiroshima na kuonyesha picha za North Field, uwanja wa ndege wa kijeshi uliotelekezwa katika kisiwa cha Tinian, Bahari ya Pasifiki, ambako ndege za Marekani ziliondoka na mabomu mawili ya atomiki mwaka 1945, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa na swali lile lile: watu wanaruhusiwaje kutembea pale na mionzi yote ile? Nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana: Mahali bomu lilipopakiwa ardhi ina mionzi hadi leo

Haina. Kinachowatisha watu ni mashimo mawili karibu na njia ya kurukia iliyoitwa Able, ambayo siku hizi yamefunikwa kwa vioo. Little Boy, bomu la Hiroshima, lilipandishwa ndegeni kutoka shimo la kwanza Agosti 5, 1945, na Fat Man, lile la Nagasaki, kutoka la pili siku tatu baadaye. Kupakia ni kupakia tu. Mionzi iliyowaua watu wa Hiroshima ilizaliwa wakati wa mlipuko wenyewe, katika mpasuko wa nyuklia uliomalizika kabla ya sekunde moja kupita. Mlipuko huo ulitokea takribani kilomita 2,500 kutoka Tinian, mita 600 hivi juu ya mji.

Kabla ya hapo, Little Boy lilikuwa gamba zito la chuma lenye kilo 64 hivi za urani iliyorutubishwa. Urani-235, aina ya urani iliyokuwa nyingi zaidi humo, huchukua miaka milioni 700 kupungua nusu, na kitu kinachooza taratibu namna hiyo hakiwezi kutema mionzi mingi kwa siku. Sehemu kubwa ya inayotoka ni chembe za alfa, ambazo karatasi moja inatosha kuzizuia. Hata kiini cha Fat Man, kilo 6 hivi za plutoniamu, kilibebwa ndani ya kisanduku cha mkono. Ipo picha mashuhuri ya mwanafizikia Harold Agnew akiwa Tinian, kisanduku hicho mkononi. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 92. Wanafunzi wangu wakishaiona picha hiyo ndipo wanapotulia, ingawa ningependa watulizwe na fizikia.

Tena Little Boy liliondoka kisiwani halijakamilishwa. Kapteni William Parsons, aliyelisimamia bomu hilo safarini, alikuwa ameona ndege kubwa za mabomu za B-29 zikianguka na kuwaka moto wakati wa kuruka, akaamua kutia baruti ndani ya bomu wakiwa tayari angani, ili ndege ikianguka, kisiwa kisiende nayo.

Mwenye hofu ya mionzi aielekeze inakostahili, yaani mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, mradi wa Marekani uliotengeneza mabomu hayo, ilichimbwa pale na Wakongo, wengi wao wakichambua mawe kwa mikono. Mawe ghafi ya urani huja na radiamu na gesi ya radoni, na gesi hiyo huingia moja kwa moja mapafuni. Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 2004, lakini wachimbaji wadogo wamekuwa wakirudi. Naulizwa kuhusu Tinian kila muhula. Kuhusu Shinkolobwe, karibu hakuna anayeuliza, na jambo hilo linaniuma.

Dhana nyingine, kwa haraka

Wapo wanaosema mashimo yalichimbwa ili kuwaficha majasusi bomu. La. Fat Man lilikuwa na kipenyo cha mita 1.5, na lisingepita chini ya tumbo la B-29. Lilishushwa shimoni, ndege ikavutwa kinyumenyume mpaka juu yake, kisha jeki ya hidroliki ikalipandisha.

Wengine huamini Enola Gay, B-29 iliyoipiga Hiroshima, ndiyo iliyodondosha mabomu yote mawili. Nagasaki ilipigwa na B-29 nyingine, Bockscar, ikiongozwa na rubani Charles Sweeney. Siku hiyo Enola Gay ilitangulia Kokura, mji uliolengwa kwanza, kuangalia hali ya hewa.

Kwamba uwanja ulijengwa kwa ajili ya bomu la atomiki, nayo si kweli. Njia zake nne, kila moja mita 2,600 hivi za matumbawe yaliyoshindiliwa na kupakwa lami, zilikuwa za mashambulizi ya kawaida. Kutoka Tinian, Saipan na Guam ndiko zilikoruka ndege zilizoichoma Tokyo usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, watu wapatao 100,000 wakafa. Wala Wamarekani hawakukuta pori. Sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa mashamba ya miwa, na Wajapani walikuwa na uwanja wao hapo hapo, mahali palipoitwa Ushi. Jengo lao la utawala, la zege na ghorofa moja juu, bado limesimama. Ukienda, usiishie kwenye mashimo. Jengo hilo lina mengi zaidi ya kukuonyesha.

Na wanaodai uwanja umekufa kabisa wamepitwa na habari. Ulikuwa umemezwa na milusina, mti ule ule tunaolishia mbuzi, lakini Desemba 2023 mkuu mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani alitangaza mpango wa kuufufua. Kinachoweza kukudhuru pale ni risasi na makombora ya vita vya 1944 ambayo hayakulipuka. Vaa viatu vya kufunika mguu, usitoke kwenye barabara, na ukiona chuma kimefukiwa nusu usikiguse hata kwa fimbo. Watafute wenyeji uwaonyeshe kilipo.