Mgiriki wa Moscow na bei ya kitu kilichokataliwa

Ukimtaja George Costakis, mkusanyaji wa picha za wachoraji wa Urusi waliokataliwa na serikali yao, wengi hudhani alikuwa akificha picha chini ya kitanda huku makachero wakigonga mlango. Mambo hayakwenda hivyo. Picha zake alizitundika ukutani katika fleti yake mjini Moscow, na wageni walipita kuzitazama. Hata Marc Chagall na Igor Stravinsky walifika. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi mbao za kale hapa Lamu, milango hasa, na kinachonivuta katika kisa chake ni habari ya bei kuliko ushujaa.

Bei ya picha hizo iliporomokaje? Miaka ya mapinduzi ya 1917, Urusi ilijaa wachoraji wathubutu: Malevich, Tatlin, Rodchenko, Lyubov Popova, Olga Rozanova. Mwanzoni dola yenyewe, yaani serikali, iliwapa wengine wao kazi. Aprili 1932 Chama cha Kikomunisti kikavunja vikundi vya wasanii, na haukupita muda ikabaki njia moja halali, uhalisia wa kijamaa: wafanyakazi wenye siha, mashamba yaliyostawi. Makumbusho yakazishusha zile kazi ukutani, yakazitupa stoo. Nani anunue kitu kisichoonyeshwa, na mwenye nacho anatiliwa shaka? Rozanova alishafariki 1918, Popova 1924. Kazi zao zikabaki kwa ndugu, nyingine hazina hata wa kuzipangusa vumbi.

Costakis alizaliwa Moscow 1913, wazazi wake Wagiriki. Shule hakusoma sana. Alikuwa dereva wa ubalozi wa Ugiriki, baadaye akasimamia wafanyakazi wenyeji katika ubalozi wa Kanada. Hapo ndipo pa kutazama vizuri: alikuwa na uraia wa kigeni na mshahara wa ubalozi. Raia wa Kisovieti mwenye jicho kama lake asingefika mbali. Alianza na vitu wanavyopenda wakusanyaji wote, vyombo vya fedha, kauri, mazulia, picha za Kiholanzi, mpaka 1946 alipoona kazi ya Rozanova: mstari mmoja wa kijani juu ya weupe, basi. Vile vya mwanzo vikamtoka moyoni. Wenzake wakamwita Mgiriki mwendawazimu.

Nikipendacho zaidi ni kisa cha plaiwudi. Akiwafuatilia jamaa za Popova, alifika nyumba moja nje ya mji akakuta dirisha limezibwa kwa ubao, na ubao wenyewe ni mchoro wa Popova. Mwenye nyumba akakataa kuutoa, mvua itaingia. Costakis akarudi mjini, akatafuta plaiwudi nyingine, akaja wakabadilishana. Wanaosimulia hucheka, mimi huuwazia ule ubao. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za moja zikikingamana na za nyenzake. Ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka, gundi huachia kuanzia pembeni, tabaka la juu likafura, na rangi iliyo juu yake ikabanduka magamba magamba. Msumari nao ukishika kutu hula tundu lake. Sisi wa pwani, wenye chumvi hewani mwaka mzima, hatuhitaji kuelezwa. Na mwenye nyumba hakuwa mjinga. Alikuwa na dirisha bovu na ubao ambao dola ilishasema si kitu.

Hapa Lamu hakuna aliyekatazwa kuchonga, ila mwendo huo wa bei naujua. Familia inakarabati, inataka mlango wa chuma. Ule wa nakshi unalazwa uani, mfaa, ule ubao wake wa katikati, umeng'olewa, kuku wanalala juu yake. Anapita mtu anayejua anachokitazama, anatoa vijisenti, na mwenyewe anamshukuru kwa kumwondolea mzigo. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sheria nzuri, lakini haimfikii bibi aliyekaa na mlango wake uani.

Costakis naye alinufaika na wenyewe kutojua, tusimfanye walii. Kinachomtenga na madalali, kwa maoni yangu, ni kwamba aliuliza. Alikwenda kwa jamaa na marafiki wa wasanii, akachukua na karatasi zao, rasimu zao, hata vipande ambavyo visingeuzika popote. Ndiyo maana kazi zake leo zina nasaba: inajulikana zilitoka kwa nani.

Miaka ya 1970 mambo yakamkalia vibaya: wizi, na moto katika nyumba yake ya mashambani. Alipotaka kuhama 1977, dola iliyozidharau zile picha miaka yote ikaona sasa hazifai kuondoka. Wakapatana. Kazi 834 zikabaki Tretyakov, jumba la sanaa la Moscow, yeye akatoka na sehemu yake. Wapo wanaouita unyang'anyi. Mimi naona aliyapata mapatano ambayo wengi wasingepewa hata nafasi ya kuyaomba. Alifariki Athens 1990, na mwaka 2000 serikali ya Ugiriki ikanunua kazi 1,277 za mkusanyo wake. Ziko Thessaloniki, huko huko Ugiriki, pamoja na zile karatasi.