Thina ikiingia jichoni: maswali ninayoulizwa na mafundi, na majibu yake

Nahudumu katika kliniki ya macho hapa Nairobi. Wengi wanaonijia na jicho lililoingiwa na kemikali ni watu wa kazi za mikono: mafundi rangi kutoka gereji za Grogan na Kariobangi, maseremala wa Gikomba wanaopiga vanishi, vijana wanaotengeneza bodi za matatu, akina mama wanaochanganya sabuni ya maji nyumbani. Kila mmoja ana kisa chake, lakini nikiuliza, "Uliosha?", jibu huwa moja: "Niliosha kidogo." Hiyo "kidogo" ndiyo imenifanya niandike.

Kiyeyushi ni nini, na kuwasha jicho ni nini?

Kiyeyushi ni kimiminika cha kuyeyusha rangi, gundi, grisi au vanishi: thina, tapentaini, asetoni, spiriti, petroli. Jicho lililowashwa huwa jekundu, huuma, hutoa machozi, kisha hurudi hali yake. Jicho lililoungua limeharibika tabaka zake na huenda lisirudi. Kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, katikati kina unene wa nusu milimita tu. Kazi ya thina ni kuyeyusha mafuta, na kila seli ya konea imezungukwa na utando wa mafuta. Thina haijui tofauti ya grisi ya gari na jicho lako.

Daktari, mimi huipima mwenyewe. Napaka kidogo mkononi, isipochoma najua haina neno. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Ngozi ya mkono wa fundi ni nene na imeshazoea. Konea haina ngozi ya namna hiyo. Kijana mmoja alinieleza kwamba muuzaji alichovya kidole kwenye debe, akajipaka chini ya jicho mbele yake, akamwambia, "Unaona? Hii ni laini." Kijana akanunua lita tano. Siku ya tatu alikuja kwangu ameshikwa mkono na mwenzake, macho yote mawili yamefumba kwa maumivu, kwa sababu bomba la bunduki ya rangi lilichomoka akiisafisha kwa ile thina laini.

Tena thina si kitu kimoja. Ni mchanganyiko: huku toluini na zailini, kule asetoni, kwingine aina mbalimbali za alkoholi, na kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Uliyoizoea mwaka jana si lazima iwe ndiyo hii iliyo kwenye jerikeni leo. Kidole chako hakipimi chochote, na pua yako pia haipimi.

Basi nani hupima, na hupima vipi?

Mwaka 1944 mwanasayansi John Draize na wenzake, wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, walichapisha kipimo kilichotumika karibu dunia nzima kwa miaka mingi. Sungura mweupe hutiwa tone la kemikali, mililita 0.1, ndani ya kope la chini la jicho moja. Jicho la pili huachwa bila kitu ili liwe la kulinganisha. Wapimaji humwangalia baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na wanaweza kuendelea hadi siku 21. Wanaandika alama: konea imepata ukungu kiasi gani, mboni ikoje, wekundu na uvimbe vimefika wapi. Jumla ya alama ni 110, na 80 kati ya hizo ni za konea peke yake. Hapo utaona waliohangaika na jambo hili waliipa konea uzito gani.

Kipimo hicho kimelaumiwa, na kwa haki. Mnyama huumia, na maabara mbili zaweza kutia kemikali ile ile zikatoa alama tofauti. Kuanzia mwaka 1980 kampeni iliyoongozwa na Henry Spira, mtetezi wa wanyama huko Marekani, ilizibana kampuni za vipodozi zitafute njia nyingine, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kabisa kuuza vipodozi vipya vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Njia nyingine zimepatikana. Moja hutumia macho ya ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Konea hukatwa, ikabanwa kwenye kifaa, ikamwagiwa kemikali. Kama ni kimiminika hukaa dakika 10, kisha huoshwa. Baadaye hupimwa mwanga unaopita: konea nzima hupitisha, iliyoungua huwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Halafu hutiwa rangi iitwayo fluresini kuona kama inapenya. Njia nyingine hutumia seli za binadamu zilizooteshwa maabara zikawa tabaka kama la konea.

Shika hapo kwenye dakika 10, nitazirudia.

Matokeo ya vipimo hivyo mimi nayaona wapi?

Kwenye kibandiko cha debe. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali umeweka michoro. Ukiona mchoro wa kimiminika kinachomwagika na kula mkono na chuma, na msimbo H318, maana yake kemikali hiyo yaweza kuharibu jicho lisipone tena. Ukiona alama ya mshangao na msimbo H319, maana yake inawasha jicho vikali, lakini kwenye vipimo jicho lilipona ndani ya siku 21. Asetoni imo kundi hili la pili. Ile hadna ya faibaglasi, yaani dawa ya kuigandisha, inayochanganywa kwenye bodi za matatu, ni mbaya kuliko thina yoyote niliyoitaja, na vijana huimwaga kwa kukadiria, bila miwani, huku wakipiga gumzo.

Lakini debe lenye kibandiko wangapi wanaliona? Thina hupimwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Chupa haina jina wala mchoro, na rangi ya thina ni kama ya maji. Kazi yote ya maabara hupotea pale inapomiminwa. Muuzaji anayesoma hapa, kalamu ya wino mzito ipo: andika jina la bidhaa na ile misimbo. Na wewe mnunuzi, piga picha debe kubwa kabla hujaondoka dukani.

Umesema jicho la sungura laweza kupona ndani ya siku 21. Si nami naweza kungoja tu?

Hapana. Nimeulizwa hivi na mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo nitajibu taratibu. Katika kipimo kile cha sungura, kwa kawaida jicho halioshwi saa 24 za mwanzo. Haliwi limesahauliwa, limeachwa kwa makusudi ili madhara yajitokeze yote na yapimwe. Wewe unapoingiwa na thina ukakaa, ukamalizia kazi, ukapanda matatu, ukalala uone kesho, umejifanya yule sungura. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na bomba karibu.

Kumbuka na dakika 10 za konea ya ng'ombe. Muda huo mfupi unatosha kuonyesha kemikali ipi inaharibu. Kutoka Kariobangi hadi kliniki yoyote jioni, kwa barabara zetu, hutafika kwa dakika 10. Kwa hiyo matibabu hayaanzii kwangu. Yanaanzia pale pale ulipoumia.

Imeniingia sasa hivi. Nifanye nini?

Maji. Sasa hivi, kabla ya kupiga simu, kabla ya kumtafuta mwenye gereji, kabla ya kwenda kemisti.

Inamisha kichwa upande, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasipeleke kemikali kwenye jicho la pili lisiloumia. Panua kope kwa vidole, maana zitataka kujifunga, au mwenzako akupanulie. Maji safi yapite taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje. Zungusha jicho juu, chini, kushoto, kulia. Kama umevaa lenzi, zitoe. Usisugue.

Osha dakika 20 kwa saa. Dakika 20 ni ndefu, zitakuchosha, na mkono utakufa ganzi. Kama ni saruji, chokaa, kostiki soda au asidi ya betri, osha nusu saa au zaidi, na uendelee kuosha ukiwa njiani.

Kwetu maji ya bomba huja mara mbili kwa wiki. Nitaosha na nini?

Swali zuri, na ndilo halisi. Jerikeni moja ya lita 20, ukimimina lita moja kila dakika, ni dakika 20 kamili. Iweke moja karakanani, ya maji safi, iandike "MACHO", na asiitumie mtu kuoshea mikono wala kupikia chai. Toboa kifuniko cha chupa ya maji matundu mawili matatu, uijaze, uiminye polepole. Ukikosa kabisa, nunua maji ya kunywa kwenye kioski kilicho jirani. Hata maji yasiyo safi sana ni afadhali kuliko kuiacha thina jichoni. Uchafu nitautibu baadaye.

Na maziwa? Mama yangu husema maziwa ndiyo hupoza.

Nampa mama heshima yake, lakini hapana. Maziwa ya pakiti, hapana. Maziwa ya mama anayenyonyesha, hapana. Chai ya baridi, maji ya sukari, mate, hapana. Maziwa hayatoi kemikali jichoni. Yanaleta vijidudu kwenye konea ambayo ngozi yake ya juu imeshatoka, na hapo ndipo kidonda huanza. Zaidi ya hayo yanakula muda. Mtoto anatumwa dukani, anarudi na pakiti, dakika saba zimekwenda. Wakati huo maji yalikuwa kwenye ndoo hapo mlangoni.

Nimewahi kumpokea fundi wa mjengo aliyerukiwa na chokaa saa nne asubuhi. Wenzake walimtia maziwa, wakamlaza kivulini, akaja saa kumi jioni. Nilipoinua kope lake la juu kulikuwa bado na punje za chokaa zimekwama, zinaendelea kuunguza. Chini yake konea ilikuwa imeshaanza kuwa nyeupe. Na chupa ya maji ya kunywa alikuwa nayo mkobani.

Maumivu yameisha yenyewe. Bado nije?

Njoo. Kama ni saruji, chokaa au kostiki, njoo hata kama husikii kitu. Kemikali hizi hugeuza mafuta ya seli kuwa sabuni na kuzama ndani zaidi, zikaua na mishipa ya fahamu. Jicho lisilouma baada ya chokaa laweza kuwa ndilo lililoharibika zaidi. Thina kwa kawaida huondoa ngozi ya juu ya konea, na ikitunzwa hurudi kwa siku chache. Lakini hilo ni mimi wa kulithibitisha, wewe huwezi kuliona kwenye kioo cha pikipiki.

Kliniki nitagusisha karatasi ya litimasi kwenye machozi yako kuona kama chokaa, kostiki au asidi bado imo, na ikiwa imo tutaosha tena. Kisha nitatia fluresini, ile ile ya konea ya ng'ombe. Chini ya mwanga wa buluu, mahali palipochubuka hung'aa kijani. Wengi wakionyeshwa picha hunyamaza.

Kemisti alinipa matone, yakatuliza. Niendelee nayo?

Acha, uje nayo niyaone. Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupunguza wekundu huku maambukizi yakikua chini yake. Ya ganzi ni mabaya zaidi ukiyatumia nyumbani: hayaponyi, yanazuia konea isijifunge, nawe unaendelea kusugua kidonda usichokisikia. Sitakupa chupa ya ganzi uende nayo, hata uniombe vipi.

Miwani yangu ya jua inatosha kazini?

Haitoshi. Kimiminika hupita pembeni na juu. Unahitaji miwani ya kazi inayobana uso pande zote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga wafanyakazi wanaoshika kemikali za kudhuru, na miwani imetajwa humo.

Nikija, nije na nini?

Chupa yenyewe, ikiwa imefungwa vizuri, au picha ya kibandiko cha debe. Njoo na mtu wa kukushika mkono, usiendeshe boda. Nitakuuliza iliingia saa ngapi, na uliosha dakika ngapi. Kama hujaosha, hutakaa foleni: nitakupeleka kwenye sinki kwanza, jina lako nitaliandika baadaye.