Si kila aliyeuchukia utumwa alikuwa mkomeshaji

Abraham Lincoln huitwa kinara wa wakomeshaji utumwa Marekani, na majimbo yote ya Kaskazini huwekwa nyuma yake kana kwamba yalikuwa na nia moja. Hayakuwa hivyo.

Mkomeshaji, kuanzia miaka ya 1830, ni mtu aliyetaka watumwa wote waachiwe mara moja, mabwana wasilipwe fidia, na walioachiwa wabaki Marekani wakiwa raia.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. American Colonization Society, iliyoundwa 1816, iliwasafirisha Weusi huru hadi Liberia. Wapo wanachama wake waliouchukia utumwa kwa dhati, lakini hawakuwa wakomeshaji. Weusi huru wa Philadelphia waliukataa mpango huo hadharani mwaka 1817, na ni Weusi huru pia waliokuwa wengi miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo wa The Liberator, gazeti alilolianzisha William Lloyd Garrison mjini Boston tarehe 1 Januari 1831.

Kaskazini iliwachukia wakomeshaji hawa. Viwanda vyake vilitegemea pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini; hata merikani iliyouzwa Zanzibar ilifumwa Massachusetts kwa pamba hiyo. Mwaka 1837 mhariri mkomeshaji Elijah Lovejoy aliuawa na genge huko Alton, Illinois, akiilinda mashine yake ya kuchapia. Katika uchaguzi wa 1840, James Birney, mgombea wa wakomeshaji, alipata kura 7,000 hivi nchi nzima.

Walioifungua milango ya Kaskazini kwa wakomeshaji, kwa kiasi kikubwa, ni watetezi wa utumwa wenyewe. Mwaka 1835 magazeti ya wakomeshaji yalitolewa posta na kuchomwa moto Charleston. Kuanzia 1836 hadi 1844 Baraza la Wawakilishi lilikataa kuyajadili maombi dhidi ya utumwa, ambayo mengi yalikusanywa na wanawake. Mzungu asiyemjali mtumwa akaona sasa haki yake mwenyewe ya kuandika na kuomba inaguswa. Kisha ikaja sheria ya watumwa watoro ya 1850: kamishna alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia, na raia yeyote angeweza kuamriwa asaidie kumkamata.

Hasira hiyo ilizaa wapinzani wengi wa kuenea kwa utumwa, na hapo ndipo watu huchanganya. Chama cha Republican, kilichoundwa 1854, kilitaka utumwa usiingie katika maeneo mapya ya magharibi. Ulikokuwepo tayari, kiliuacha. Lincoln alilisema hilo wazi alipoapishwa kuwa rais Machi 1861. Ni vita vya Kaskazini na Kusini, na maelfu ya watumwa waliotorokea kambi za jeshi la Kaskazini, vilivyolisogeza dai la wakomeshaji hadi katikati ya siasa. Mwaka 1864 maombi yenye sahihi zinazokaribia 400,000, yaliyokusanywa na jumuiya ya wanawake, yalifikishwa Kongresi, na Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, yakaidhinishwa Desemba 1865.

Kwa hiyo ukiandika kuhusu Lincoln wa 1860, mwite mpinzani wa kuenea kwa utumwa. Jina la mkomeshaji wape Garrison, Frederick Douglass aliyekuwa mtumwa, na wanawake waliopita mlango kwa mlango na karatasi za maombi. Lincoln wa 1864 aligombea kwa ilani iliyotaka utumwa ufutwe kikatiba. Huyo unaweza kumweka pamoja nao, mradi utaje mwaka.