Kupiga Picha bila Kamera: Mwani, Jua na Maji ya Kisima

Sehemu kubwa ya mwaka wangu wa pili wa masomo ya upigaji picha nimeitumia katika kazi isiyohitaji kamera. Ninachukua karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, ninalaza kitu juu yake, ninaianika juani, kisha ninaisuuza. Kinachobaki ni umbo jeupe la kitu hicho ndani ya buluu nzito. Njia hiyo huitwa sainotaipu. Kitu nilichokichagua ni mwani unaolimwa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambao huwa ninaufuata siku za maji ya bamvu, bahari inapokupwa hadi vigingi na kamba za mashamba vikawa wazi.

Uchaguzi huo sikuubuni mwenyewe. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel alivumbua sainotaipu mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Herschel, alianza kutoa sehemu za kitabu chake kuhusu mwani wa Uingereza, kazi iliyoendelea hadi 1853. Kwa kawaida kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza kupambwa kwa picha zilizochorwa na mwanga. Atkins alijua kuchora vizuri, lakini aliona kwamba mkono hauwezi kufuata kwa usahihi viumbe vyembamba kiasi kile, kwa hiyo aliacha mmea ujichore wenyewe kwa ukubwa wake halisi. Ninapoona sainotaipu ikitumiwa leo kama urembo wa kadi za harusi, huwa nakumbuka kwamba ilianza kutumika kwa sababu ya ukaidi wa mtu aliyetaka usahihi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Ninayeyusha gramu 25 za feriki amoniamu sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine, kisha ninachanganya sehemu sawa za myeyusho hiyo miwili ndani ya chumba chenye mwanga hafifu na kupaka karatasi kwa brashi pana. Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua hubadili hali ya chuma kilichomo, nacho kikikutana na ferisianidi huzaa buluu ya Prussia, rangi isiyoyeyuka majini. Pale mwani ulipozuia jua hakuna kinachotokea, na kemikali ya hapo huondoka na maji. Onyo moja tu: potasiamu ferisianidi isichanganywe na asidi kali wala kupashwa moto, kwa kuwa inaweza kutoa gesi yenye sumu.

Kilichonisumbua kwa miezi mitatu ni maji. Picha zilitoka vizuri, zikakolea, lakini nilipoziacha kwenye beseni kwa nusu saa zilifubaa na kuwa za kijivujivu, mithili ya kanga iliyofuliwa mara mia. Nililaumu karatasi, nikalaumu unyevu wa masika, nikanunua kemikali upya kwa fedha ambazo sikuwa nazo. Jibu lilikuwa kisimani. Ardhi ya upande ule ni mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa inayoyafanya yawe na alkali kidogo. Alkali ndiyo adui mkubwa wa buluu ya Prussia. Tangu nianze kukamua ndimu moja ndani ya beseni la kwanza la kusuuzia, na kumalizia kwa maji ya mvua, sijapoteza picha hata moja kwa sababu hiyo.

Baada ya kuujua udhaifu huo, niliugeuza kuwa zana. Ukitumbukiza picha iliyokwisha kukauka katika maji yenye magadi soda kidogo, buluu hupauka na kuwa ya manjano hafifu. Ukiisuuza na kuiloweka katika chai ya rangi iliyokolea sana, tanini za majani ya chai hushikana na chuma na picha hurudi ikiwa ya kahawia iliyokaribia weusi. Nimefanya hivyo kwa karatasi chache tu, kwa kuwa matokeo yake yanavutia macho upesi kuliko yanavyostahili.

Jaribio lililonifunza zaidi ni la kuweka mwani mbichi badala ya mkavu. Msanii wa Hungaria László Moholy-Nagy, aliyeanza kutengeneza fotogramu, yaani picha zisizotumia kamera, mjini Berlin mwaka 1922, aliuchukulia mwanga kama malighafi, na kwa mwongozo huo niliacha maji ya bahari yachuruzike juu ya karatasi wakati jua la saa sita mchana likifanya kazi. Palipolowa palitoka madoa ya manjano na kingo zenye ukungu. Hata hivyo mwani wetu ni mnene na wa duara, si kama ule mwembamba wa Atkins unaopitisha mwanga, hivyo ndani ya umbo lake hapaonekani chochote. Nilidhani hiyo ni kasoro, nikaanza kuubana kwa kioo kizito ili angalau kingo zikae kali.

Siku moja nilimpelekea karatasi hizo mama mmoja mkulima aliyekuwa akinipa mwani. Baada ya shikamoo na marahaba, alizipitia moja moja bila kusema kitu, kisha akaweka kidole kwenye ncha za tawi moja. "Huu umeliwa na tasi, mwanangu. Tazama zilivyokatika." Tasi ni samaki anayekula mwani, na kweli, ncha zote za tawi lile zilikuwa butu, ilhali za karatasi ya pili zilikuwa zimechongoka, nami nilikuwa nimezitazama kwa wiki nzima nikihukumu ukolevu wa buluu tu. Sasa nyuma ya kila karatasi ninaandika kwa penseli tarehe, dakika za kuanika, na neno moja alilonifundisha kulitafuta: imeliwa, au nzima.